Wakfu Ulio Mkononi Mwetu



Mwalimu hukasirika upesi anaposahihishwa na mwanafunzi wake, na mimi nilikasirika. Nataka kuwasimulieni jambo hilo bila ya kujipamba, kwani ndani yake mna fundisho kwangu mimi, na huenda likawafaa wazazi, vijana na walimu wenzangu.

Chuo changu kiko Chitete, makao makuu ya wilaya ya Momba, katika mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 ulipogawanywa mkoa wa Mbeya. Huku Waislamu si wengi, na vitabu vya dini ni vichache kuliko Waislamu. Atakaye juzuu humwagiza msafiri aendaye Tunduma ama Mbeya, kisha husubiri. Kwa hiyo juzuu moja husomwa na watoto watatu walioizunguka, na yule aketiye upande wa pili huzoea kuyasoma maandishi yaliyopinduka. Nimepata kuwa na mtoto ambaye, alipopewa juzuu yake peke yake, aliigeuza kichwa chini ndipo akaweza kusoma.

Basi jioni moja, tulipokuwa tukidurusu, binti wa miaka 11 aliinua mkono akasema, "Maalim, nisamehe. Yule sheikh aliyemo katika simu ya baba halisemi neno hili kama tulisemavyo sisi. Yeye hulitoa kooni."

Neno lenyewe lilikuwa ni Alim, sifa ya Mwenyezi Mungu Mwenye kujua kila kitu. Nilimwambia binti yule akae chini, nikaamuru kuwa khabari za simu zisisikike tena katika chuo changu. Watoto wakanyamaza, somo likaendelea, nami nikadhani kwamba nimeilinda heshima ya ualimu.

Usiku, baada ya sala ya Isha, moyo haukutulia. Nilimwomba mwanangu simu yake, nikamwambia anitafutie msomaji yule. Nikasikiliza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Msomaji alikuwa akiitoa ain katikati ya koo, safi kabisa, na hamza akiitoa mwisho wa koo, upande wa kifua. Mimi herufi hizo mbili nilikuwa nikizitoa kwa sauti moja nyepesi, kama a ya Kiswahili chetu. Kanuni yake naijua, kwani nilifundishwa nilipokuwa kijana. Ila ulimi, ukikaa miaka mingi mbali na mwalimu wake, hulegea bila ya mwenyewe kujua. Na tofauti hiyo si ndogo. Alim kwa ain ni Mjuzi. Alim kwa hamza ni chenye kuumiza, nalo ndilo neno lisifulo adhabu. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiwapa watoto wa watu neno moja mahali pa mawili.

Siku ya pili nilimwita binti yule mbele ya wenzake, nikawaambia wote kwamba yeye amesikia sawasawa na mimi nilikosea. Haikuwa rahisi. Lakini tokea siku hiyo nimeanza kuuliza: katika vyombo hivi mna nini kingine ambacho sisi maskini wa vitabu tumekifungia mlango?

NI NANI ALIYEIWEKA SAUTI ILE?

Kwanza nilitaka kumjua msomaji. Nikaambiwa ni Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri, aliyefariki mwaka 1980. Na kisomo chake kina historia iliyonipasa kuijua mapema. Mwaka 1959 mwanachuoni wa Misri, Labib as-Said, alitoa rai kwamba Qur'ani nzima irekodiwe kwa sauti za wasomaji hodari, ili kisomo sahihi kiwafikie hata wale wasioweza kusafiri kwenda kwa mabingwa. Mwaka 1961 ilitoka rekodi ya kwanza iliyokamilika, kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, riwaya hii hii tuisomayo huku kwetu. Na msomaji wake alikuwa ni Sheikh al-Husary. Zamani zile ilikuwa katika sahani za santuri na katika redio. Leo imo katika simu ya mkulima wa Chitete, wala hakuilipia hata senti.

Hapo ndipo nilipokumbuka wakfu. Babu zetu walichimba kisima wakasema: maji haya ni ya kila mpita njia. Waliandika msahafu wakauweka msikitini, asomaye asome. Mwenye wakfu hufa, na thawabu zake haziishi maadam watu wananufaika. Nami naona kwamba mengi ya yale tuyaonayo bure katika simu, kama yametolewa na wenyewe kwa radhi, ni wakfu wa namna hiyo hiyo, ila kisima chake hakipungui hata wakichota watu elfu kwa mara moja.

YALIYOMO NDANI YA KISIMA

Kwa upande wa dini, yuko Tanzil, kazi iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa makusudi ya kuandika matini ya Qur'ani kwa herufi za kompyuta na kuyahakiki neno kwa neno kwa kufuata msahafu wa Madina, kwa sababu matini mengi yaliyokuwa yakizunguka yalikuwa na makosa. Humo pia mna tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani wa Unguja, ile iliyochapishwa mwaka 1995. Mzee asiyejua Kiarabu aweza kuiweka aya upande mmoja na maana yake upande wa pili.

Kwa upande wa shule, Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo itungayo mitaala ya nchi yetu, imeviweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, navyo vinasomeka bila ya malipo. Jambo hili ni kubwa khasa wakati huu, kwani mtaala mpya ulianza kutumika mwezi wa Januari 2024, na vitabu vya kaka si lazima vimfae tena mdogo wake. Mzazi mwenye shaka juu ya kile anachofundishwa mwanawe aweza kukifungua kitabu chenyewe akatazama.

Kwa watoto wadogo wanaojifunza kusoma, uko mradi wa African Storybook, ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Mwalimu anaruhusiwa kuzichapa, kuzigawa, hata kuzifasiri kwa lugha ya kijiji chake. Na kwa mwenye kutaka maarifa ya jumla, iko Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na kuandikwa na watu wanaojitolea.

Msomaji wa kwetu atasema: Maalim, haya yote yahitaji mtandao, na bando ni ghali. Ni kweli. Lakini iko programu iitwayo Kiwix, iliyobuniwa mwaka 2007 kwa ajili ya watu kama sisi. Kwayo Wikipedia ya Kiswahili hupakuliwa mara moja tu, ikawekwa katika kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kama ukucha, kisha husomwa bila ya mtandao kabisa. Kisomo cha Sheikh al-Husary nacho ni hivyo hivyo. Mmoja wetu akienda Tunduma, penye mtandao wenye nguvu, hupakua. Akirudi hugawa kutoka simu hadi simu. Gharama ya mtu mmoja huwafaa watu arubaini.

Tusidhani kuwa haja hii ni ya madrasa tu. Mwezi wa Machi 2020 shule za Tanzania zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, shule za msingi zilikaa mpaka tarehe 29 Juni ndipo zikafunguliwa. Katika miezi ile, nyumba iliyokuwa na kitabu ndani ya simu ilikuwa na mwalimu wa akiba. Na nyumba isiyokuwa nacho, mtoto alisahau hata jedwali la kuzidisha.

BURE IKO NAMNA MBILI

Hata hivyo, si kila kitu cha bure ni wakfu. Kiko alichokitoa mwenyewe, na kiko kilichochukuliwa kwa mwenyewe bila ya idhini yake, kikatupwa mtandaoni. Mwaka 1988, katika mkutano wake uliofanyika Kuwait, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lilipitisha kwamba haki ya mtunzi juu ya kazi yake ni mali inayolindwa na sharia, wala haifai kudhulumiwa. Kwa hivyo yafaa tutazame sharti. Waandishi wengi wa leo huandika wazi kwamba kitabu chao kinaweza kunakiliwa, ama kunakiliwa bila ya kuuzwa, ama kunakiliwa bila ya kubadilishwa. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ni masharti ya namna hiyo. Mafakihi wetu hulistahi sharti la mweka wakfu; nasi tulistahi hili.

Tena kiko cha bure kilicho kibovu. Baada ya kuifungua milango chuoni, kijana mmoja alikuja na programu ya dua na sura fupi iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, haina jina la mtungaji wala la mhakiki. Alikuwa ameihifadhi sura kutoka humo. Nikamtaka aisome, na kumbe ile alim yangu ya zamani imerudi! Kwani herufi za Kilatini, zikiandikwa hivi hivi tu, hazina ain wala hamza. Mjuzi na chenye kuumiza huandikwa sawasawa. Ilitupasa kuibomoa sura ile na kuijenga upya, na kubomoa ni kazi kuliko kujenga.

Tumeamrishwa kuichunguza khabari kabla ya kuifuata. Basi kabla ya kupakua, uliza: Ni nani aliyekiandika? Ni nani aliyekihakiki? Je, chalingana na msahafu uliochapwa? Kisichokuwa na baba, usimpe mwanao.

SIMU HAINA KIDOLE

Nisije nikafahamika vibaya, wala vijana wasije wakasema kuwa Maalim ametwambia chuo hakina kazi tena. Sikilizeni yaliyofuata.

Nilipokwisha kuungama kosa langu, niliwawekea watoto kisomo cha Sheikh al-Husary kila jioni kwa muda wa juma zima, wakimfuatisha. Nilitazamia kuwa watapona wenyewe. Juma lilipokwisha, nilimsikiliza kila mmoja peke yake. Wachache waliipata ain. Waliobaki walisoma vile vile kama zamani, nao wakiapa kuwa wasomavyo ndivyo asomavyo sheikh! Mtoto husikia kile alichokizoea. Simu iliwasomea vizuri mara mia, na mara mia wakakosea, nayo haikuwaambia neno. Zimezuka siku hizi hata programu zinazomsikiliza msomaji na kumwonyesha neno alilolisahau, na hilo ni jema kwa mwenye kuhifadhi, lakini sharti mtu awepo wa kumwambia mtoto, "Weka kidole chako hapa kooni, sema tena, bado, sema tena."

Ndivyo elimu hii ilivyotufikia, kinywa kwa sikio na sikio kwa kinywa. Mimi nilipungukiwa na sikio la kunisahihisha, na simu ikanipa. Watoto walikuwa na sauti ya kufuata, wakapungukiwa na sikio la kuwasikiliza, na hilo nililazimika kuwapa mimi. Sasa kila jioni twasikiliza kwanza kwa muda mfupi, kisha simu yazimwa, na kila mtoto husoma mbele yangu. Kazi yangu imezidi, haikupungua.

Enyi wazazi, ikiwa nyumbani mna simu moja, ipangieni saa ya elimu kama mlivyopanga saa ya chakula, na mmoja wenu akae karibu na mtoto. Kwani mlango ule ule unaoingiza kisomo huingiza na upuuzi. Enyi vijana, ninyi ndio mnaojua kupakua kuliko sisi. Msituonee haya wala msitucheke. Pakueni kilicho halali na kilichohakikiwa, mkitie katika simu za wazee na walimu wenu, nanyi mtakuwa mmeshiriki katika wakfu bila ya kutoa shamba wala nyumba. Na ninyi walimu wenzangu wa vijijini, akiinua mkono mtoto akasema, "Maalim, nisamehe," msimkalishe chini kama nilivyomkalisha mimi. Msikilizeni kwanza.

Binti yule sasa husimama mbele ya wenziwe wadogo, akiwafundisha ain kwa kidole kooni. Juzuu zetu bado hazitoshi, na wako wanaoendelea kusoma maandishi yaliyopinduka. Lakini neno la Mjuzi na neno la adhabu, katika chuo chetu cha Chitete, hayachanganyiki tena.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awalipe wema wote walioitoa elimu yao bure kwa ajili ya wasiowajua. Amin.