Orodha Kamili, Wagonjwa Nje ya Orodha

Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ripoti za Riposte, yaani operesheni ya kukabiliana na mlipuko huo, zilikuwa na kipengele cha kontakti, yaani watu waliomgusa au kumhudumia mgonjwa, ambao hufuatiliwa kwa siku 21. Mara nyingi zilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya walioorodheshwa wamefikiwa. Kwa aliyeko Kinshasa au Geneva, hiyo ni namba ya kutia moyo. Lakini Katwa na Butembo, ambako ugonjwa ulipamba moto mwanzoni mwa 2019, wagonjwa wapya wengi hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Pengo hilo ndilo ningeanza nalo kumfundisha mtumishi wa serikali uchambuzi wa mifumo na tathmini ya miradi. Asilimia ile ilihesabiwa kwa walioandikwa tu. Aliyeachwa nje hawezi kuishusha hata akifa. Ndiyo maana muuguzi mkuu wa kituo anapaswa kuuliza mengine: kati ya wagonjwa wapya wa wiki hii, wangapi tuliwajua kabla hawajaugua? Tangu homa ilipoanza hadi mgonjwa alipotengwa zimepita siku ngapi, na siku hizo alikuwa wapi?

Hili la mwisho lilifichua mengi Beni. Mwaka 2018 watoto waliougua Ebola walikuwa wengi kupita kawaida. Nyayo zao zilipofuatwa, wengi walikuwa wamepitia vituo vidogo vya tiba, vikiwamo vile vinavyochanganya dawa za kienyeji na sindano, ambavyo wenyeji huviita tradi-moderne. Malaria nayo ilikuwa imepanda, na homa yake haitofautiki kwa macho na ya Ebola inayoanza. Mtoto aliyepelekwa kwa malaria aliweza kutoka na Ebola. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hadi nusu ya waliopimwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Basi mwishoni mwa Novemba 2018 ikaanza kampeni ya kugawa dawa za malaria na vyandarua mjini Beni, kwa lengo la kufikia watu hadi 450,000. Ukiutazama kila ugonjwa peke yake, kugawa vyandarua katikati ya Ebola ni kichekesho. Fuata njia ya mtoto kutoka nyumbani hadi kitanda cha zahanati, utaelewa.

Fani hii ya kupeleleza milipuko ina shule yake. Alexander Langmuir aliianzisha Marekani mwaka 1951, akiwatuma madaktari vijana kupeleleza milipuko. Kenya ilianza mafunzo ya mtindo huo mwaka 2004, Tanzania 2008, na Kongo inayatoa kupitia École de santé publique ya Kinshasa. Ngazi ya kwanza huchukua takribani miezi mitatu, na muda mwingi mwanafunzi yuko kazini kwake, akichambua rejista ya kituo chake mwenyewe. Hapo hutumika mchoro wa mfupa wa samaki wa Mjapani Kaoru Ishikawa. Kichwani unaandika tatizo, tuseme «kontakti hawakuorodheshwa», na kwenye mifupa sababu zake: watu, karatasi, usafiri, pesa, usalama. Butembo mfupa wa usalama haukuwa wa darasani. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika Cliniques universitaires du Graben. Ukiendelea kuuliza «kwa nini?», mara nyingi unaishia kwa familia inayoogopa kumtaja shangazi asije akachukuliwa.

Ebola ilirudi eneo la Biena na Butembo Februari 2021, ikaisha tarehe 3 Mei: wagonjwa 12, vifo 6. Ile ya 2018 ilikuwa imedumu hadi 25 Juni 2020, ikaacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Aliyeendesha mafunzo atatamani kujitwalia sifa za tofauti hiyo, na tathmini ipo ili kumzuia. Watu zaidi ya 300,000 walikuwa wameshachanjwa. Dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilikuwa zimethibitishwa kwa jaribio lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina kwenyewe. Huwezi kugawa ushindi huo kwa kukisia. Unachoweza kupima ni kitu kidogo zaidi: katika kituo cha aliyefunzwa, miezi sita baadaye, je, siku kati ya homa na kutengwa zimepungua, na vipi katika kituo cha jirani ambaye hajafunzwa?

Na je, bado yuko kituoni? Wauguzi wengi wa serikali nchini Kongo hawana namba ya matrikule, yaani ya usajili wa watumishi wa serikali, wala mshahara wa uhakika. Wanaishi kwa ada za wagonjwa na marupurupu. Shirika likitangaza kazi, aliyefunzwa ndiye wa kwanza kuondoka, na simlaumu. Ripoti za mafunzo huhesabu vyeti vilivyotolewa. Karibu na safu hiyo ningeongeza mbili: waliobaki kazini baada ya mwaka, na waliolipwa mwaka huo.