Kibali cha Moshi na Mkataba wa Ziwa

Mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura ulipata jina lake zama za ukoloni, kutokana na wafanyabiashara wa asili ya Asia waliofungua maduka huko. Ziwa Tanganyika haliko mbali nao. Sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini humo huchotwa ziwani, na mukeke na ndagala wanaouzwa sokoni huvuliwa humo humo. Lakini ziwa hilo si la Burundi peke yake. Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia nazo zina pwani zake. Basi, serikali huzuiaje uchafu usiojua mpaka?

Ziko njia mbili. Ndani ya nchi yake, serikali hutunga sheria na kuamuru, na mwenye kukaidi huadhibiwa. Nje ya mpaka haina amri. Huko hutuma mabalozi na wataalamu, hujadiliana, hutia sahihi mkataba, kisha mkataba huo huridhiwa kwa taratibu za nchi. Hiyo ndiyo siasa ya nchi za nje: kazi ya kupatana na mtu usiyeweza kumwamuru.

Mfano wa njia zote mbili unapatikana Marekani. Moshi wa viwanda vya umeme vinavyotumia makaa ya mawe ulikuwa na salfa, nayo ilirudi ardhini kama mvua ya asidi, ikaharibu misitu na maziwa hata ya nchi jirani ya Kanada. Tarehe 15 Novemba 1990, Marekani ilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha moshi huo. Kuanzia 1995, viwanda viligawiwa vibali, kila kibali kikiruhusu tani moja. Kiwanda kilichopunguza moshi kwa gharama ndogo kiliweza kuuza vibali vilivyobaki; kile ambacho kupunguza kungekigharimu sana kiliweza kuvinunua. Kikomo cha jumla hakikuongezeka hata kidogo. Mitambo ya kupima ilifungwa kwenye mabomba ya moshi, na aliyezidisha alitozwa faini iliyoanzia dola 2,000 kwa kila tani. Ilipofika 2010, salfa ya viwanda hivyo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na mwaka 1980.

Kanada, kwa upande wake, haikuweza kupeleka polisi wake kukamata moshi wa jirani. Ilijadiliana kwa miaka mingi, na tarehe 13 Machi 1991 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa hewa mjini Ottawa. Ni dhahiri kwamba ahadi ya Marekani ilikuwa na uzito kwa kuwa nyuma yake palikuwa na sheria, vipimo na faini nyumbani kwake.

Je, biashara ya vibali yafaa kwa Ziwa Tanganyika? Kwa hewa ya ukaa inafaa, maana hewa hiyo huenea duniani kote, na tani iliyopunguzwa popote ni faida kwa wote. Uchafu wa maji sivyo. Tuseme kiwanda kilicho karibu na mlango wa mto Ntahangwa kinanunua kibali cha kiwanda cha Kigoma. Hesabu ya ziwa zima itabaki ile ile, lakini mwananchi wa Bujumbura atapata uchafu wa viwanda viwili.

Nchi hizo nne zilichagua mkataba. Ulitiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na makao makuu ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yamewekwa Bujumbura. Mkataba huo unazitaka nchi hizo kuzuia uchafuzi, kupima mapema madhara ya miradi, na kuarifiana.

Hapa ndipo kazi ya askari inapoonekana. Askari wa doria hawezi kuvuka mpaka akamkamate mchafuzi wa nchi nyingine. Lakini taarifa yake, yenye saa, mahali na alichokiona, ikipitia kwa wakubwa wake, yaweza kuwa ushahidi mezani kwa wanadiplomasia. Na polisi anayemzuia mtu kumwaga mafuta machafu katika mfereji wa Asiatique anatimiza ahadi ambayo nchi yake iliitoa mbele ya majirani watatu.

Kibali kisichopimwa ni karatasi tu, na mkataba usiolindwa nyumbani ni karatasi vilevile. Ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470, hubadilisha maji yake polepole mno. Uchafu unaoingia leo utawakuta wajukuu. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Uchafu nao, ukishamwagwa majini, hauzoleki.