Kontrola ya DJ Ianze na Kazi ya DJ

Kontrola nyingi za DJ zinazouzwa leo, kubwa kwa ndogo, zina sura moja: sahani mbili pembeni, mikisa katikati. Sura hiyo ni ya kurithi. Technics ya Japani ilitoa SL-1200 mwaka 1972, na katika miaka hiyohiyo vijana wa Bronx, New York, walikuwa wakizigeuza mashine za kusikilizia santuri kuwa ala za kuchezwa kwa mikono. Santuri zimeondoka, sahani zimebaki, na pamoja nazo imebaki dhana kwamba DJ ni mtu wa klabu anayeunganisha wimbo na wimbo hadi alfajiri. Kontrola za kesho zingefaa zibuniwe kwa kuangalia kwanza kazi anayoifanya DJ, na kazi hizo hazifanani.

Chukua singeli. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam hukimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Kitelezi cha mwendo cha SL-1200MK2 ya mwaka 1979 kinaongeza asilimia 8 tu, kwa hiyo wimbo wa midundo 120 haufiki hata 130. Mashine za kidijitali zinaweza kuruhusu asilimia 100 juu na chini, lakini hapo balaa linahamia kwenye kidole: kitelezi kikiwa cha sentimita 6, kila milimita inabeba zaidi ya asilimia 3, na wimbo wa midundo 150 unaruka midundo 5 kwa mtikisiko mdogo tu. Si ajabu kwamba maprodyuza wengi wa singeli wamezoea laptop yenye Virtual DJ, wakikata kipande kifupi na kukizungusha kwa kasi. Mtu atauliza, kama maprodyuza wa singeli Sisso na Maiko wamefika majukwaa ya Ulaya bila mashine maalumu, ya nini kubuni nyingine? Kwa sababu mazoea yao yenyewe ndiyo mchoro wa mashine hiyo: vitufe vya kuzungushia vipande vifupi, na vitelezi viwili vya mwendo, kimoja cha kurukia na kingine cha kurekebishia.

Mjini Mpanda, mkoani Katavi, kazi ni nyingine tena. Harusini au kwenye sendofu, bwana mkubwa ni MC, na DJ anamfuata: akiita wazazi wa bibi harusi, muziki ushuke, akimaliza, upande papo hapo, huku wageni Wasukuma, Wabende, Wafipa na Waha kila mmoja akisubiri wimbo wa kwao. Kontrola nyingi za bei nafuu zimempa MC huyo tundu moja la maikrofoni na kitufe kimoja cha sauti, basi. Uwezo wa kushusha muziki wenyewe pale mtu anapofungua mdomo unapatikana zaidi kwenye mikisa ghali, ilhali ni ukumbi wa kawaida unaouhitaji kila dakika. Vivyo hivyo kwa ma-DJ wanaotafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, kazi iliyompa mfasiri Lufufu jina Dar es Salaam. Kwao sauti ya mtu ndiyo onyesho. Kisha kuna umeme na vumbi. Mji wa Mpanda uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na vumbi la kiangazi cha Katavi halichagui tundu. Hapa kontrola ndogo inayokula umeme wa laptop inaishinda mashine kubwa inayojitegemea, kwani umeme ukikatika kubwa huzimika na kuanza kuwaka upya huku ukumbi unangoja.

Pingamizi zito ni soko: hakuna kiwanda kitakachotengeneza mashine ya Mpanda peke yake. Kweli, wala haihitajiki. Tangu mwaka 1983 vyombo vya muziki vina lugha ya pamoja, MIDI, na programu ya bure kama Mixxx inamruhusu mtumiaji kukipa kila kitufe kazi anayoitaka. Wengine wanahofia kwamba kila DJ akiwa na mpangilio wake, hataweza kupanda kwenye mashine ya mwenzake. Hofu hiyo ina uzito, hasa mahali ambapo vyombo huazimwa, kwa hiyo sahani na mikisa zikae zilipo. Kinachopaswa kubadilika ni pembezoni: eneo moja la vitufe linalochomolewa na kubadilishwa, matundu mawili ya maikrofoni, na skrubu za kawaida ambazo fundi wa simu sokoni anaweza kuzifungua, akafuta vumbi na kubadilisha kitelezi kilichochoka.