Baiskeli ya Mbio: Jina Geni Si Kasoro

Ukitafuta baiskeli ya mbio kwa bei nafuu, utakutana na majina usiyoyajua. Usiyakimbie. Nyingi zimefungwa gia za Shimano ya Japani, zilezile zinazotumiwa na kampuni kubwa. Tazama vifaa kabla ya jina.

Kisha pima mwili wako. Keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukishika usukani, viwiko vikunjike kidogo. Ukilazimika kujinyoosha, mgongo na shingo vitakuuma. Fremu hiyo ni ndefu kwako, hata ikiuzwa bei ya kutupa.

Tairi za milimita 28 au 32 hupunguza mtikisiko kuliko za 23, mradi fremu iwe na nafasi ya kuzipokea.

Hapa Pwani kuna chumvi. Fremu ya alumini haili kutu kama ya chuma, lakini mnyororo huliwa upesi: usafishe, ukaushe, utie mafuta.

Mwisho, kabla hujalipa, muulize fundi wako kama spea zake zapatikana. Baiskeli isiyo na spea huishia kuegemezwa ukutani.