Desemba Tisa Nyumbani kwa Babu

Ikifika wiki ya kwanza ya Desemba, mabasi yanayotoka Arusha na Dar es Salaam kuelekea Manyara hujaa mizigo isiyo ya biashara: mchele, sukari, bati mbili tatu za kumalizia jiko la mama, viatu vya shule vya Januari. Wanaokwenda Mbulu wengine hushukia Mbuyu wa Mjerumani, kabla hata ya Babati, wakakwea mlima Magara. Wengine husonga hadi Dareda, wakapanda kwa Bashnet na Dongobesh. Wa Hanang hufuata lami ya Singida hadi Endasak na Katesh. Shule zimefungwa, likizo zimeombwa, na tarehe 9 imezungushiwa duara kwenye kalenda ya ukutani kwa babu.

Ziko koo huku ambazo zimeifanya Siku ya Uhuru kuwa siku ya kukutana. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: ni sikukuu ambayo haina mgombea mwingine. Krismasi watu hugawanyika, huyu kwa wakwe, yule kwenye zamu ya hospitali, mwingine dukani kwake mjini kwa sababu ndio msimu wa kuuza. Desemba 9 haidaiwi na upande wowote. Mkatoliki, Mlutheri, Mpentekoste, Mwislamu aliyeoa binti wa nyumbani, hata mzee anayeshika dini ya mababu, wote wana haki sawa juu yake. Kwa ukoo wenye watu mia na zaidi, siku ya namna hiyo ni ya thamani kubwa.

Kwa nini koo ni kubwa na zimetawanyika hivi? Jibu liko Kainam, kwenye vilima vya Mbulu ambavyo Wairaqw huviita Irqwa Da'aw. Hapo waliishi kwa vizazi vingi wakilima miteremko kwa mbolea ya samadi na matuta ya kuzuia udongo, hadi ardhi ikawabana. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 vijana walianza kuteremka na kusambaa: Daudi, Dongobesh, Haydom, Karatu upande wa kaskazini, na kusini hadi tambarare za Hanang. Kila aliyehama aliacha ndugu nyuma. Ndiyo maana leo babu mmoja wa Kainam anaweza kuwa na wajukuu wanaolima vitunguu saumu Bashay, wengine ngano na alizeti upande wa Basotu, na wengine waliooa au kuolewa na Wadatoga, Wanyiramba na Wanyaturu. Eneo hili lina jambo ambalo Watanzania wengi hatulithamini vya kutosha: ndani ya mwendo wa siku moja unakutana na Wairaqw ambao ni Wakushi, Wadatoga ambao ni Waniloti, Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Kwenye kusanyiko la ukoo wa siku hizi, baadhi ya damu hizo zimeketi kwenye jamvi moja.

Watu wa Hanang wangeweza kuniambia kwamba kukusanya ukoo si jambo walilofundishwa na sikukuu ya serikali, na wangekuwa na haki. Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga, wanapomzika mzee anayeheshimika humfanyia bung'ed. Kaburi hujengewa kichuguu, kikapandishwa hatua kwa hatua kwa miezi mingi, na koo husafiri kutoka mbali kuja kushiriki, huku pombe ya asali ikiandaliwa. Makaburi hayo ndiyo kumbukumbu ya nani ni nani, na nani aliishi wapi. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalipofunguliwa na serikali kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, Wabarabaig walipoteza maelfu kwa maelfu ya ekari za malisho, na baadhi ya makaburi hayo yakapitiwa na trekta. Walikwenda mahakamani kudai. Nalitaja hili katika makala ya sikukuu kwa makusudi, kwa sababu mzee wa Kibarabaig anapoketi na wajukuu zake Siku ya Uhuru, hadithi yake ya nchi hii ina sehemu hiyo pia, na wajukuu wanastahili kuisikia kutoka kinywani mwake.

Asubuhi ya tarehe 9 haianzi na sherehe. Desemba ni msimu wa kupanda, na mvua haingoji wageni. Mhasibu wa Dodoma na fundi simu wa Moshi hukabidhiwa jembe kama mtu yeyote, na shamba la bibi ambalo lingemchukua wiki mbili humalizika kabla ya saa tano. Vijana waliozaliwa mjini hulalamika kidogo, halafu huanza kushindana mistari. Kwa maoni yangu hakuna gwaride linaloishinda saa hiyo ya shambani. Nyerere alihubiri uhuru na kazi kwa pamoja, na hapa vimekutana bila hotuba.

Mbuzi huchinjwa, wakati mwingine ng'ombe. Sufuria la pilau hukaa jirani na chungu cha makande, ugali wa mtama hupikwa kwa ajili ya wazee, na maziwa ya mgando hayakosekani. Redio huwashwa kusikiliza yanayoendelea uwanjani, kama mwaka huo yako. Maana si kila mwaka yanakuwapo. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride, akaagiza watu wafanye usafi, na fedha zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia alielekeza fedha za sherehe kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Miaka yote hiyo miwili mbuzi wa Mbulu walichinjwa kama kawaida.

Kabla ya kula, mzee husimama na kutoa slufay. Ni sala ya baraka ya Wairaqw: mmoja hutamka, wengine huitikia kwa pamoja. Huombewa mvua, watoto, mifugo na amani na majirani, na maradhi huambiwa yaende mbali. Wajukuu wengi wa mjini hawaelewi maneno, lakini huitikia. Katika familia zilizozoea kanisa, katekista au mwinjilisti naye hupewa nafasi yake, na sijaona mzozo.

Sikukuu ya mwaka 2023 ilikuwa tofauti. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, sehemu ya mlima Hanang iliyolowa mvua iliporomoka. Tope, mawe na magogo viliingia Katesh, Jorodom, Gendabi na maeneo ya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa, baadhi kutoka nyumba moja. Siku ya Uhuru ilipowadia, siku sita tu baadaye, koo zilizopanga kukutana zilikutana kweli, ila kwa kuzika na kutafuta. Askari wa Jeshi la Wananchi walikuwa wakichimbua tope. Rais alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi kule Dubai akaja Katesh. Malori ya unga, mablanketi na magodoro yalifika kutoka mikoa ambayo watu wa Hanang hawajawahi kufika. Wengi waliopoteza makazi baadaye walijengewa nyumba eneo la Waret. Ukitaka kumweleza mtoto wa Katesh nchi ni nini, huhitaji wimbo wa taifa kwanza. Muulize nani alikuja wiki ile.

Baada ya chakula ndipo panapopatikana kile ambacho, kwa mtazamo wangu, makusanyiko mengi yanakipoteza. Kikao cha ukoo hufunguliwa na moja kwa moja huingia kwenye michango: ada ya kijana aliyechaguliwa chuo, bima ya bibi, uzio wa makaburi. Ni mambo ya lazima. Lakini aliyekuwa na miaka 15 bendera ya Uingereza ilipoteremshwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, leo ameshavuka miaka 75, na kila Desemba viti vya wazee wa rika hilo vinapungua. Wapewe saa moja kabla ya hesabu. Wengine watamsimulia John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, na akaeleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Watoto wanamjua kutoka kwenye video za simu. Kuna watu vijijini waliokimbia naye kwenye vumbi.

Na kuna jambo moja ambalo ningependa liulizwe katika kila boma. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, uliotangulia uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti pekee kilichoiponyoka TANU katika nchi nzima kilikuwa cha Mbulu, ambako wapiga kura walimchagua Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Hawakuukataa uhuru, Sarwatt aliingia bungeni akakaa upande wa Nyerere. Walichosema ni kwamba mtu wa kuwawakilisha watamchagua wenyewe. Vitabu vya historia hulitaja tukio hilo kwa sentensi moja. Waliokuwa na sababu zenyewe ni wazee wa Daudi, Kainam na Dongobesh, na waliobaki wako nyumbani sasa hivi, wanasubiri wajukuu. Waulizwe baba zao walimpa nani kura, walitembea umbali gani kwenda kituoni, na waliporudi walikuta nini kimesemwa kijijini. Simu zetu zote zina kinasa sauti.