Linda Mbwa wa Lupango, Linda Mutoto

Mama, kila mara unapoleta mutoto ku kilo, tunakuuliza habari ya maziwa, ya homa na ya chandarua. Leo tunauliza neno lingine: mbwa wa kwenu analala wapi usiku?

Labda utacheka. Utasema, mbwa ndiye mulinzi, nani anamulinda mulinzi? Lakini mbwa huyu anacheza na watoto muchana kutwa, anawalamba mikono na uso. Kile kinachomupata usiku huko inje, asubuhi kinaingia nyumbani pamoja naye.

NANI ANAKUJA USIKU?

Katika inchi za majani kuna mbweha, nyama anayefanana na mbwa mudogo. Anakula panya, wadudu, matunda na mabaki ya chakula. Harufu ya matumbo ya kuku inamuvuta mpaka karibu na nyumba. Mbwa wasio na mwenyewe wanafuata harufu ile ile, na hao tunawaona mara nyingi zaidi. Wakikutana na mbwa wako, wanapigana.

Kidonda kinaweza kupona. Hatari kubwa ni mate. Mate ya nyama mugonjwa yanachukua virusi vya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi wanauita raje. Mutu akikwisha kuonyesha alama zake, karibu kila mara anakufa. Ulimwenguni watu karibu 59,000 wanakufa hivyo kila mwaka, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Watoto ndio wanaoumwa sana, sababu hawaogopi mbwa, na wakiumwa wengine wanaficha.

UFANYE NAMNA GANI?

1. Mbwa apate shindano la kinga kwa muganga wa nyama. Mbwa mudogo anaanza akiwa na miezi 3, kisha anarudia kama muganga anavyosema. Hili ni la kwanza kuliko yote.

2. Usiku umufungie ndani ya kibanda chenye mulango. Usimuache inje na kamba shingoni: mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia wala kujitetea.

3. Ziba matundu ya chini ya lupango. Mbweha hahitaji mulango, tundu linamutosha.

4. Matumbo ya kuku na mifupa, uyazike. Shimo la takataka ulifunike. Sahani ya mbwa isilale inje na chakula.

5. Mbwa akirudi na vidonda, watoto wasimuguse. Mufungie peke yake, umuite muganga wa nyama, hata kama alikwisha kupata shindano.

6. Ukiona mbweha anatembea muchana bila kuogopa watu, au mbwa anayetoa mate mengi, anayeuma hovyo, au ambaye sauti yake imegeuka, ingiza watoto nyumbani. Nyama aliyekufa njiani, asiguswe kwa mikono mitupu.

MUTOTO AKIUMWA

Usingoje kesho. Osha kidonda palepale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 nzima. Usitie pilipili, majivu wala petroli. Kisha ulete mutoto ku hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama ni mukwaruzo, hata kama mbwa ni wa kwenu. Kama mbwa anajulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10. Lakini mutoto asingoje hizo siku 10 kwa kupata dawa.

Dawa hii si jambo jipya. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimutia shindano Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Zilikuwa zimepita siku 2 tu tangu aumwe. Mutoto hakushikwa na ugonjwa, akakua, akawa mutu muzima. Virusi vinatembea polepole kutoka kidonda mpaka ubongo, mara nyingi miezi 2 au 3. Huo ndio wakati wetu wa kuvitangulia. Usidanganywe na kidonda kilichokauka.

Leo ukifika nyumbani, zunguka lupango, tazama matundu. Kisha waite watoto, uwaambie: "Mbwa akikuuma, uniambie, sitakupiga." Mutoto aliyesikia neno hilo hataficha kidonda.