Ruzuku za ufundi: Mifuko mitatu na soko la mafundi Tura

TURA, kituo cha Reli ya Kati wilayani Uyui, mkoani Tabora, imeishi kwa njia inayopita mlangoni pake. Karne ya 19 misafara kutoka pwani ilivuka nyika ya Mgunda Mkali na kufika hapo, mpakani mwa Unyamwezi, kutafuta chakula. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, biashara ya upagazi ilikufa na ujira ukahamia kwa wenye ufundi.

Hali hiyo inaweza kujirudia. Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilometa 368. Mkandarasi akimaliza huondoka. Mashine za kutengenezwa, nyumba za kujengwa na magari ya kuhudumiwa hubaki. Kijana wa Tura anayetaka kuifanya kazi hiyo huangalia Tabora mjini, penye VETA na Chuo cha Reli, au vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Sikonge, Urambo na Mwanhala, Nzega. Ada yake peke yake haitoshi kununua mashine za karakana. Pengo hilo huzibwa na ruzuku, na ruzuku ina mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni zawadi. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo nchini Sweden, na Sweden ikatoa fedha. Katika miaka ya 1990 msaada huo ulipokoma, vyuo vingi vilibaki na majengo yaliyochakaa na zana zilizopitwa na wakati. Mfadhili hakukosea, biashara yenye mteja mmoja huanguka siku mteja huyo akiondoka.

Mfuko wa pili ni tozo. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1994, iliyounda VETA, iliwataka waajiri wachangie asilimia 2 ya mishahara. Baadaye kiwango kilipanda hadi asilimia 6, kisha kikashuka: 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, na 3.5 Julai 2023. Kwa kiwango hicho cha mwaka 2023, mwajiri aliyelipa mishahara ya shilingi milioni 10 kwa mwezi alitoa shilingi 350,000. Kwa mgao wa miaka mingi, theluthi moja tu ndiyo iliyokwenda kwenye ufundi stadi. Sehemu kubwa ilikwenda elimu ya juu. Waajiri wamefurahia kupungua kwa tozo, lakini mfuko unaowafundishia mafundi nao hupungua.

Mfuko wa tatu ni mkopo. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 120 kwa mradi wa elimu na stadi za kazi zenye tija. Ndani yake uliundwa Mfuko wa Kuendeleza Stadi, chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, ambapo vyuo vilishindania ruzuku katika sekta sita: kilimo, utalii, uchukuzi, ujenzi, nishati na TEHAMA. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Serikali navyo vilikarabatiwa. Kwa chuo hiyo ni ruzuku. Kwa Hazina ni deni, na mlipa kodi ndiye mdhamini.

Hesabu ni hii: zawadi hukoma, tozo hupungua, mkopo hurudishwa. Mfuko unaoweza kudumu ni wa nne, nao uko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe: oda. Karakana ya chuo inayopewa kazi ya milango, madawati, mizinga ya nyuki au kutengeneza pampu hupata fedha ya malighafi, na mwanafunzi hujifunza kwa kazi yenye mnunuzi.

Mwenye duka, ghala au gari katika ukanda wa Tura ana sababu ya kuulizia bei ya karakana hizo kabla ya kuagiza vitu Dar es Salaam. Akipokea mwanafunzi wa mafunzo kazini, humpima fundi kabla ya kumwajiri. Akingoja mpaka reli mpya ifike, atawakuta mafundi wameshachukuliwa na wengine, au atawalipa kwa bei ya mgeni.